Triptasi ya kichupani: kimeng'enya cha mzio kinachozalishwa na hamira, na kwa nini si dawa

Mtu aliyeumwa na nyuki, akavimba uso, akapungukiwa pumzi na kufikishwa hospitali akiwa hoi, anaweza kurudi nyumbani na karatasi ya majibu ya damu yenye neno ambalo hajawahi kulisikia: triptasi. Akilitafuta mtandaoni hukutana na habari mbili zinazogongana. Upande mmoja anaambiwa kwamba triptasi ni alama ya mshtuko wa mzio, yaani kitu kilichomwagika mwilini mwake siku ile alipokaribia kufa; upande mwingine anaona kampuni za vifaa vya maabara zikiuza vichupa vya kitu hichohicho, vimeandikwa kwamba ni triptasi ya binadamu, rikombinanti, kwa ajili ya utafiti tu. Maswali yanayofuata ni ya haki kabisa. Kama kitu hiki kinahusika na madhara yaliyonipata, kwa nini kinatengenezwa na kuuzwa? Je, ni dawa, au ni chanjo ya aleji? Na hilo neno rikombinanti, si ndiyo yale mambo ya kuchezea vinasaba?

Tuanze na mzio wenyewe, ambao wengi wetu tunauita aleji. Mzio ni hali ambayo kinga ya mwili inakipokea kitu ambacho watu wengine hukivumilia bila shida, kama karanga, kamba wa baharini, chavua au dawa ya penisilini, kana kwamba ni adui aliyevamia. Si kila kinachowasha ni mzio: pilipili inayochoma ulimi na sabuni kali inayobabua mikono haziihitaji kinga ya mwili ili zikuumize. Neno aleji lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet. Miaka minne kabla yake Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wameeleza jambo lililowashangaza: mbwa aliyekwisha kudungwa kipimo kidogo cha sumu ya kiumbe wa baharini akapona, alipodungwa tena wiki kadhaa baadaye hakuonyesha kinga yoyote, bali alikufa kwa haraka ya kutisha. Wakauita mshtuko huo anafilaksia, na Richet akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Ilichukua zaidi ya nusu karne kumjua mpeleka habari wa mshtuko huo. Ni kingamwili, yaani protini ya kinga inayomtambua adui, iitwayo IgE, iliyogunduliwa katika miaka ya 1960 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali, moja Marekani na jingine Sweden. Lakini mpokea habari alikuwa ameshaonekana zamani. Mwaka 1878 Paul Ehrlich, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari nchini Ujerumani, alipaka rangi vipande vya nyama ya mwili na kuona chini ya hadubini seli zilizosheheni chembechembe, zimejaa hadi pomoni kama mnyama aliyenenepeshwa. Akaziita kwa neno la Kijerumani linalohusu kunenepesha mifugo, nasi hapa tutaziita seli masti. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu Kiingereza huliandika neno hilo kwa herufi zilezile za mlingoti wa jahazi, na mfasiri mwenye haraka anaweza kutuletea "seli za mlingoti", jina lisiloeleza lolote.

Seli masti hukaa milangoni mwa mwili: chini ya ngozi, kwenye njia za hewa, kwenye utumbo, kandokando ya mishipa ya damu na ya fahamu. Ukitaka kuona kazi yake bila hadubini, uangalie mkono ulioumwa na nyuki. Kwanza kuna nukta ndogo pale mwiba ulipoingia. Baada ya dakika chache ngozi inayoizunguka nukta ile inainuka, inakuwa ngumu kidogo, imepauka katikati na ina ukingo kama sarafu iliyowekwa chini ya ngozi. Kuizunguka sarafu hiyo joto linasambaa, na kwenye ngozi nyeupe wekundu unaonekana wazi, na mwasho unakuja. Uvimbe ule ni maji ya damu yaliyovuja kutoka kwenye mishipa midogo, na seli masti zina mkono mkubwa katika kuifungua. Kwa mtu mwenye mzio wa nyuki, seli hizo zimekwisha kuvaa kingamwili za IgE zinazoitambua sumu ile, kama mitego iliyotegwa tayari. Sumu ikizigusa kingamwili mbili kwa pamoja na kuziunganisha, seli inafungua chembechembe zake na kumwaga kila kilichomo. Jambo hilo likitokea mahali pamoja, ni uvimbe. Likitokea mwili mzima kwa wakati mmoja, presha inaanguka, koo linavimba, pumzi inakatika.

Kinachomwagwa kinajumuisha histamini, ambayo wengi wameisikia kwa sababu vidonge vya mzio kama setirizini huizuia isifanye kazi. Kuna pia heparini, kitu kinachozuia damu kuganda, na kuna vimeng'enya, na miongoni mwa vimeng'enya hivyo triptasi ndiyo iliyo nyingi kuliko vyote katika seli masti za binadamu.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani ya kikemia bila yenyewe kwisha. Anayepika nyama ngumu anakijua kimoja hata kama hakukiita kwa jina: ukiichanganya nyama na papai bichi lililopondwa inalainika, kwa sababu utomvu wa papai una kimeng'enya kinachokata nyuzi za protini. Triptasi nayo ni mkasi wa protini, ila inachagua pa kukata. Protini ni mnyororo wa asidi za amino, na triptasi hukata baada ya pete mbili tu za mnyororo huo, ziitwazo lisini na ajinini. Tabia hiyo inafanana na ya tripsini, kimeng'enya cha kongosho kinachotusaidia kumeng'enya chakula, na ndipo jina lake lilipotoka. Lakini tripsini na triptasi si kitu kimoja: vidonge vyenye tripsini vinavyouzwa katika baadhi ya maduka ya dawa havina uhusiano wowote na kipimo cha mzio.

Umbo la triptasi linastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu ndilo linaloifanya iwe ngumu kuitengeneza na ngumu kuizuia. Mwaka 1998 watafiti walichapisha picha ya umbo hilo baada ya kuipiga fuwele yake kwa mionzi ya eksirei. Waliona kwamba triptasi haifanyi kazi ikiwa peke yake, bali nne hushikana na kufanya pete, na makali yote manne yanaelekea ndani ya pete hiyo. Fikiria visu vinne vilivyofungwa ndani ya mdomo wa mtungi mwembamba. Kitu kinene hakiingii, kwa hiyo hakikatwi. Kinachokatwa ni kile chembamba, au ncha ya protini inayoning'inia. Kwa sababu hiyohiyo vizuizi vya asili vilivyomo kwenye damu yetu, ambavyo huituliza tripsini mara moja, havifiki kwenye makali ya triptasi, na inaendelea kukata. Kinachozifunga nne hizo pamoja ni heparini, ambayo ni kama kamba ya mzigo wa kuni. Ikiondolewa katika joto la mwili, pete inaachana ndani ya dakika chache na ukali unapotea.

Sasa tunafika kwenye kiini cha utata. Seli masti inapofunguka inamwaga vitu vingi kwa pamoja, na mtafiti anayeona njia za hewa zikibana hawezi kusema kwa kuangalia tu kwamba hii ni kazi ya histamini na ile ni ya triptasi. Ni sawa na mtu aliyekula mchuzi wenye pilipili, tangawizi, ndimu na karafuu, kisha akaulizwa ni kipi kilichomchoma. Atajua tu akipewa kila kimoja peke yake, akionje. Triptasi ya kichupani ni hilo: kiungo kimoja kilichotolewa kwenye mchuzi kikasafishwa, ili kiulizwe maswali peke yake.

Zamani kukipata kiungo hicho kulikuwa na gharama nzito. Lawrence Schwartz na wenzake nchini Marekani, waliposafisha triptasi kwa mara ya kwanza mwaka 1981, waliitoa kwenye seli masti za mapafu ya binadamu. Mapafu hayapatikani dukani. Hupatikana kwa mtu aliyepasuliwa au aliyefariki, kwa idhini, kwa kiasi kidogo, na kila mtu ana yake. Utofauti huo ni wa kweli kabisa, kwa kuwa jeni za triptasi, zilizo kwenye kromosomu ya 16, hutofautiana baina ya watu: kuna aina ya beta, yenye makali, na aina ya alfa, ambayo peke yake karibu haikati chochote, na watu wengine hawana alfa kabisa. Anayetumia mapafu ya watu wawili anaweza kuwa anapima vitu viwili akidhani ni kimoja.

Ndipo njia ya rikombinanti ikaingia. Neno hili linatisha kuliko maana yake. Jeni ni kama maelezo ya mapishi yaliyoandikwa ndani ya seli, yanayosema protini fulani iungweje. Kwa kuwa karibu viumbe wote husoma maandishi hayo kwa lugha moja, nakala ya maelezo ya binadamu inaweza kuwekwa ndani ya kiumbe mdogo, naye akaipika protini ya binadamu jikoni kwake. Kuunganisha upya huko kwa vipande vya DNA ndiko kunakoitwa rikombinanti. Insulini ya binadamu ilizalishwa hivyo ndani ya bakteria mwaka 1978 na kuruhusiwa nchini Marekani mwaka 1982, na leo mamilioni ya wenye kisukari duniani hujidunga insulini iliyotengenezwa na viumbe wadogo kwa mtindo huo. Jeni zao hazikubadilika, kwa sababu kinachoingia mwilini ni chakula kilichopikwa, si karatasi ya mapishi.

Kwa triptasi, bakteria hawafai sana. Protini hii ina vifundo vinavyounganisha sehemu zake na ina vipande vya sukari vilivyopachikwa juu yake, na bakteria wa kawaida wa maabara hawapachiki sukari hizo na huharibu vifundo. Kwa hiyo watafiti wametumia seli za wadudu, na wametumia hamira. Si hamira ya maandazi hasa, bali ndugu yake aitwaye Pichia pastoris, ambaye hulishwa methanoli, ile pombe yenye sumu, naye akizoea huigeuza kuwa chakula na kuanza kutema protini uliyomwagiza katika maji anamoishi. Katika njia nyingine triptasi hutolewa kwanza ikiwa na kifuniko kinachofumba makali yake, jinsi inavyozaliwa hata ndani ya mwili, na watafiti hupachika kwenye kifuniko hicho alama ambayo kimeng'enya kingine hukata, ili kuyafunua makali kwa wakati wautakao. Kisha huongezwa heparini ili nne zishikane. Inayobaki husafishwa, huwekwa kwenye maji ya chumvi nyingi, na kugandishwa.

Kichupa kinachomfikia mtafiti kinaweza kuwa na mikrogramu 10 tu, yaani sehemu moja ya laki moja ya gramu. Jicho halioni chochote cha maana: tone la maji maangavu chini ya kichupa kisichozidi kidole gumba. Hatua ya kwanza ni kuuliza kama kiko hai. Mtafiti huchukua sahani ya plastiki yenye visima vidogo 96, akaweka katika kila kisima kipande kifupi cha protini ya kutengeneza ambacho mwishoni kimefungiwa rangi. Rangi hiyo ikiwa imefungwa, maji ni meupe. Anatia triptasi. Ikikata pale inapopaswa kukata, rangi inafunguka na kisima kinaanza kuwa cha manjano, kwanza kama maji yaliyodondoshewa tone la chai ya rangi, kisha manjano kamili, na mashine inapima manjano hayo yanavyoongezeka kwa kila dakika. Kwenye kisima asichotia heparini, manjano huanza na kusimama njiani, kwa sababu pete imeachana. Kwangu mimi jaribio hili dogo linaeleza umbo la triptasi kuliko picha yoyote.

Kwa kutumia triptasi safi ya namna hii imewezekana kuonyesha kwamba yenyewe, bila histamini, inaweza kuziamsha seli kwa kukata ncha ya kipokezi kilicho juu yake, kipokezi kiitwacho PAR2 ambacho huwashwa kwa kukatwa, na kwamba hukata faibrinojeni, protini inayogandisha damu. Panya hawatoshi kwa kazi hii, maana triptasi zao zimetofautiana na zetu, na matokeo ya panya hayawezi kuhamishiwa kwa mgonjwa moja kwa moja. Matumizi mengine si ya kusimulika sana lakini yanamgusa mgonjwa: maabara inayopima damu inahitaji kitu cha kulinganishia, kama muuza duka anavyohitaji jiwe la mizani lenye uzito unaojulikana.

Hapo turudi kwenye karatasi ya majibu. Mwaka 1987 Schwartz na wenzake walionyesha kwamba triptasi hupanda katika damu ya watu waliopata anafilaksia, na inaishinda histamini kwa kukaa muda mrefu zaidi katika damu: histamini hutoweka upesi mno, lakini triptasi hufika kilele baada ya saa moja hadi moja na nusu, kisha hupungua kwa nusu kila saa mbili hivi. Kwa hiyo damu huchukuliwa mapema, ikiwezekana ndani ya saa nne, na nyingine huchukuliwa angalau siku nzima baada ya dalili kwisha. Kipimo cha pili ndicho watu wanachokipuuza, nacho ni muhimu, kwa sababu kila mtu ana kiwango chake cha siku zote. Maabara nyingi huandika kwamba kawaida ni hadi nanogramu 11.4 kwa mililita. Lakini madaktari wa mzio hutumia hesabu hii: chukua kiwango cha siku zote, zidisha kwa 1.2, ongeza 2. Mtu ambaye kawaida yake ni 5 atapata 8. Kama siku ya tukio alikuwa na 9, seli zake masti zilimwaga, ingawa karatasi inasema yuko ndani ya kawaida.

Kiwango cha siku zote hutokana hasa na triptasi changa inayovuja kidogokidogo, kama bomba lisilofungwa vizuri. Kinachoongezeka siku ya tukio ni ile iliyokomaa, iliyokuwa imehifadhiwa, kama tangi lililopasuka. Kwa hiyo kiwango cha siku zote kikiwa juu, hakimaanishi kwamba mtu ana mzio mkali. Kikizidi 20 daktari hufikiria ugonjwa wa kuongezeka kwa seli masti. Vilevile wapo watu waliorithi nakala za ziada za jeni ya alfa, hali iliyoelezwa mwaka 2016 na ambayo katika nchi za Magharibi hupatikana kwa watu kama 5 katika kila 100, na wengi wao hawajui wala hawaumwi.

Kosa la hatari zaidi ni la upande wa pili: kudhani kwamba triptasi isipopanda basi haikuwa anafilaksia. Kwenye mshtuko unaotokana na chakula, hasa kwa watoto, mara nyingi haipandi. Mtoto aliyekula karanga akavimba midomo, akatapika na kuanza kukoroma pumzi, anahitaji adrenalini ya kudungwa kwenye paja papo hapo, na hakuna majibu ya maabara yanayosubiriwa. Vidonge vya kuzuia histamini havichukui nafasi ya adrenalini.

Na kichupa kile, je, mtu anaweza kukinunua ajidunge ili mwili uzoee? La, hata kidogo. Tiba ya kuuzoeza mwili ipo kweli, lakini hutumia kile kinachochochea mzio, kama sumu ya nyuki, kwa vipimo vidogo vinavyopandishwa chini ya uangalizi wa daktari kwa miaka. Triptasi si kichochezi cha mzio. Ni silaha ya mwili wenyewe, na kujidunga ni kuongeza makali palipokuwa na makali. Vichupa vya utafiti, zaidi ya hayo, havikutengenezwa kwa masharti ya dawa.

Wala si sahihi kuhitimisha kwamba seli masti ni makosa ya maumbile yanayofaa kufutwa. Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha kwamba panya wasio na seli hizo huathirika na kufa zaidi wanapodungwa sumu ya nyuki na ya baadhi ya nyoka, kwa kuwa vimeng'enya vya seli masti, hasa kimoja kinachokaa pamoja na triptasi kiitwacho kaboksipeptidasi, huikatakata sumu hiyo. Seli zilezile zinazotutesa kwa karanga zina kazi yenye maana.

Kwa hiyo wapo watafiti wasiotafuta kuua seli, bali kuutuliza mkasi wa triptasi. Ugumu ulikuwa palepale, kwenye mdomo wa mtungi: kizuizi kikubwa hakiingii. Mwaka 2019 wanasayansi wa kampuni ya Genentech walieleza kingamwili isiyojaribu kuingia ndani kabisa. Inashika triptasi kwa nje, inalegeza mahali nne hizo zinaposhikana, na pete inaachana hata kama heparini ipo. Waliijaribu kwenye vichupa kwanza, kisha kwa panya waliopandikiziwa seli za binadamu, na kwa nyani. Hadi sasa hakuna dawa ya kuzuia triptasi inayoandikwa na madaktari kwa wagonjwa wa mzio.